Mashini Inapashiwa Maji, Mama Fua Je?

Wasee, haya maneno ya "mashini ya kufua inameza tokeni" tuyaweke sawa. Mota inayozungusha nguo haili stima sana. Mlaji ni hita: chuma kilichopindwa kama ile koili ya kutumbukiza kwa ndoo, kimefichwa chini ya pipa la nguo.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka wa 1937 kampuni ya Bendix ilionyesha Marekani mashini ya nyumbani inayofua yenyewe, mlango ukiwa mbele. Hiyo ilivuta maji moto kutoka kwa bomba, juu wateja wake walikuwa na tangi la maji moto nyumbani. Ulaya nyumba nyingi hazikuwa nalo, kwa hivyo watengenezaji wakaingiza moto ndani ya mashini. Hiyo ya Ulaya ndiyo tumezoea Kenya, na soketi zetu za volti 240 zinabeba hita ya wati 2,000 bila shida.

Inafanyaje? Maji baridi yanaingia kwanza. Swichi inapima kama yametosha, ndio hita isiungue ikiwa kavu. Kisha hita inawaka, na sensa inaizima joto likifika. Pipa limelala kwa ubavu, linachovya nguo na kuziinua, kwa hivyo maji ni kidogo tu.

Sikumaliza chuo, lakini hesabu hii ni ya fizikia ya sekondari. Kupasha lita 10 kutoka nyuzi 15 hadi 60 ni kama nusu yuniti. Ukiishia 30, unatumia theluthi ya hiyo.

Sasa njooni kwetu Manyatta, kwa miteremko ya Mlima Kenya. Hapa moto wa maji ulikuwa kuni, na kuni ni za kupika kwanza. Cucu zetu walifua mtoni Rupingazi na baridi yake yote. Cha ajabu ni kwamba maji hayo hayo hushuka hadi Thiba, kisha Tana, na kuzungusha mitambo ya Kamburu (1974), Gitaru (1978) na Kiambere (1988). Stima ilitoka kwa maji yetu ikaenda mbali, na mradi wa Last Mile wa kuunganisha nyumba za kawaida ulianza 2015.

Leo nyumba nyingi zina stima lakini mashini bado ni ya wachache. Wengine tunaita mama fua, na asubuhi ya Julai tunampa beseni la maji ya bomba, baridi kabisa, mikono inakufa ganzi.

Kumpashia lita 10 hadi nyuzi 40 hakufiki theluthi ya yuniti. Mashini ilifikiriwa hivyo miaka mingi iliyopita. Huyu mama, anayeshinda ameinama kwako siku nzima, anangoja nini? Washa hiyo koili.