Mazoezi ya nguvu kwa wabeba mizigo

KULI anayepakua mifuko 200 ya saruji, kila mmoja ukiwa na kilo 50, huwa amehamisha tani kumi kabla ya jua kutua. Kumshauri mtu huyo akanyanyue vyuma jioni huonekana kama mzaha. Hata hivyo, mwili haupokei kazi ngumu na mazoezi kwa namna moja.

Mwaka 2021, watafiti wakiongozwa na Andreas Holtermann wa Denmark walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 104,046 wa Copenhagen. Waliojishughulisha zaidi nje ya kazi walikuwa na hatari ndogo ya maradhi ya moyo na ya kufa mapema, ilhali waliotumia nguvu nyingi kazini walikuwa na hatari kubwa zaidi.

Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba kazini mzigo hurudiwa kwa saa nyingi, aghalabu kwa bega lile lile, na mapumziko ni haba. Katika mazoezi, uzito huongezwa kidogo kidogo, kisha misuli huachwa ijijenge. Misuli huimarika wakati wa kupumzika, si wakati wa kubeba.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Kwa mbeba mizigo siku mbili zatosha, moja ikiwa ni ya mapumziko na nyingine ile yenye kazi nyepesi. Nusu saa inatosha: kuchuchumaa na kuinuka, pushapu, kujivuta kwenye chuma, na kuubana mwili ulionyooka juu ya viwiko. Aache kila zoezi angali na uwezo wa kurudia mara mbili zaidi. Wiki ambayo meli au malori yamefululiza, apunguze mizunguko kwa nusu bila kuona haya.

Kujivuta kusipuuzwe. Kazi ya kubeba huinamisha mabega mbele, na ni zoezi hilo linaloyarudisha nyuma. Aidha, zoezi la kuinama na uzito lisifanywe mara tu baada ya kuamka, kwa kuwa usiku sahani za uti wa mgongo hujaa maji na huelemewa upesi mtu anapoinama.

Chakula nacho kina sehemu yake: ugali hutoa nishati, lakini misuli huhitaji maharage, dagaa au mayai.

Mazoezi hayahalalishi lumbesa. Shirika la Kazi Duniani (ILO), katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo abebao mwanamume mtu mzima, na magunia mengi ya sokoni huzidi hapo.

Maumivu ya kiuno yanayoshuka hadi mguuni na kuleta ganzi yahitaji daktari. Yakiambatana na kushindwa kuzuia mkojo, mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.