Nani Aliifuma Merikani? Ushahidi wa Lowell, 1845

Anayeandika historia ya biashara ya Zanzibar katika karne ya 19 hakosi kuitaja merikani. Majora ya kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi yaliteremshwa Unguja kutoka merikebu za Salem, yakapimwa kwa shuka na doti, yakabebwa vichwani hadi Unyamwezi na Ujiji, kununulia pembe, kulipia hongo kwa watemi na kuwapa wapagazi posho yao. Mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa mwaka 1833 unatajwa. Richard Waters, konsuli wa kwanza wa Marekani aliyefika Unguja mwaka 1837, anatajwa. Kisha mwandishi anageuka na kuufuata msafara kuelekea bara. Nyuma ya forodha hakuna anayetazama, utadhani kitambaa kile kiliota ndani ya merikebu.

Ipo hati ambayo waandishi wetu wa merikani wameiacha, ingawa haikufichwa popote. Ni ripoti ya kamati ya Bunge la Massachusetts, waraka namba 50 wa Baraza la Wawakilishi, Machi 1845. Inahusu saa za kazi viwandani, na ndani yake wanawake wa viwanda vya nguo vya jimbo hilo, ambako merikani nyingi ilitoka, wanaeleza siku yao ilivyokwenda. Wamarekani wanaijua, kwao imechapishwa tena na tena. Sisi tuliovaa kitambaa chao na kuzikwa nacho hatuna sababu ya kutoisoma.

Ya Uingereza nayaruka, kwa kuwa yameandikwa vya kutosha: watoto wa viwanda vya Yorkshire na Lancashire, sheria ya 1833 na wakaguzi wake wanne, kisha sheria ya saa kumi ya 1847 iliyowahusu wanawake na vijana. Katika masimulizi hayo mageuzi huletwa na mabwana wenye huruma bungeni, wakiwasemea wanyonge. Lowell ilikuwa kinyume chake. Wanyonge walijisemea, na waheshimiwa ndio waliohitaji kuelimishwa.

Mji wa Lowell, Massachusetts, ulijengwa katika miaka ya 1820 kando ya mto Merrimack na matajiri wa Boston, na maji ya mto ndiyo yaliyoendesha mitambo. Wafanyakazi wengi walikuwa mabinti wa wakulima wa New England, waliolazwa kwenye mabweni ya kampuni chini ya macho ya mama mlezi na kuamshwa kwa kengele. Charles Dickens alipita hapo mwaka 1842, akakaa siku moja, akaondoka ameridhika: mabweni mengi yana piano, wasichana wanasoma vitabu, wana jarida lao wenyewe, Lowell Offering. Siku moja ya mgeni imewatosha watu wengi kuanzia hapo, na bado wapo wanaoisimulia Lowell kama kiwanda kilichostaarabika chenyewe kabla sheria haijakigusa. Mimi hoja hiyo hainipi shida sana. Wasichana hao hao waliacha mitambo na kutoka barabarani mwaka 1834 ujira ulipopunguzwa, na wakatoka tena mwaka 1836 gharama za malazi zilipopandishwa. Ama piano, pembe zilizotoka Zanzibar zilipelekwa Connecticut na kuchongwa vibao vya vinanda hivyo, kwa hiyo msomaji wa Pwani anaweza kuzihesabu piano za Dickens kwa jicho lake mwenyewe.

Kufikia miaka ya 1840 kazi ilikuwa imebadilika. Mfumaji aliyekuwa akisimamia mitambo miwili alipewa mitatu, kisha minne. Kasi iliongezwa, na malipo ya kipande yakashushwa. Nyapara ambaye chumba chake kilitoa kitambaa kingi zaidi alipata bakshishi, na kila mtu anajua nyapara mwenye bakshishi mbele yake anakuwaje. Sarah Bagley, mfumaji, akaongoza kuunda Chama cha Wanawake Wafanyakazi cha Lowell, na maombi ya saa kumi yakazungushwa. Yalipofika bungeni Boston yalikuwa na saini zaidi ya elfu mbili, kutoka Lowell, Fall River na Andover.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa William Schouler, mbunge wa Lowell na mwenye gazeti la Lowell Courier. Aliwaandikia waombaji kwamba kwa kuwa wengi wao ni wanawake, itabidi wanawake wenyewe waje kulitetea ombi lao, la sivyo litawekwa kando. Zama zile mwanamke mwenye heshima hakutarajiwa kusimama mbele ya hadhara ya wanaume na kuhojiwa. Sioni namna ya kuisoma barua ile isipokuwa kama mtego. Tarehe 13 Februari wanawake sita walifika.

Eliza Hemingway alisema alikuwa amefanya kazi Lowell miaka miwili na miezi tisa. Wakati wa kiangazi kazi ilianza saa 11 alfajiri ikaisha saa 1 usiku, na katikati yake mlikuwa na nusu saa ya kifungua kinywa na dakika 45 za chakula cha mchana. Ndani ya muda huo mtu atoke chumbani, ateremke ngazi, aende bwenini, ale, arudi. Chumbani mwake walikuwa wanawake wapatao 130, wanaume 11 na watoto 12 wa miaka 11 hadi 14. Kazi ilipoendelea gizani ziliwashwa taa ndogo 293 na kubwa 61, na wakati mwingine ziliwashwa asubuhi pia. Hewa, alisema, haikuwa nzuri. Hakumbuki siku ambayo wanawake chini ya sita hawakuwapo kwa ugonjwa, na aliwahi kuona wanaokosekana wakifika 30.

Hesabu za taa ndizo zinazonishika. Taa 354 katika chumba kimoja, zote zikila hewa ile ile wanayovuta watu 150, na mavumbi ya kiwanda juu yake. Hakuna anayekwenda bungeni na hesabu ya taa moja moja kama hakuketi jioni nyingi akizihesabu. Hemingway hakuja kuomba huruma. Alikuja na vipimo, na hakuna hata kimoja ambacho ripoti inakikanusha.

Judith Payne alisema kwamba katika miaka saba ya mwisho, mwaka mzima ulimpotea kwa maradhi. Bagley, aliyekuwa na miaka minane na nusu kazini, aliweka ufupi wa muda wa kula mbele ya malalamiko yote, na baada yake urefu wa siku, ambao haukumwachia mtu nafasi ya kujielimisha. Wasichana kadhaa walikuwa wakimjia usiku awafundishe.

Tarehe 1 Machi baadhi ya wajumbe walipanda treni kwenda Lowell wajionee. Walikuta vyumba vikubwa vyenye mwanga, joto la kiasi, maua kwenye madirisha, miti na majani yaliyopandwa uwanjani. Ripoti yao inayaeleza maua hayo kwa upole ambao taa hazikuupata. Na bado ripoti hiyo hiyo ina jedwali la wastani wa saa za kazi kwa siku, mwezi baada ya mwezi: Januari ni saa 11 na dakika 24, Aprili ni saa 13 na dakika 31. Waliliona jedwali, wakaliweka, kisha wakahitimisha kwamba sheria haihitajiki.

Sababu walizotoa hazikuwa za kipumbavu. Sheria ya jimbo moja ingewapa faida washindani wa majimbo jirani. Isingekuwa haki kuwabana wenye kampuni na kuwaacha waajiri wengine. Watu wa Massachusetts wana akili za kutosha kupatana na waajiri wao wenyewe. Kamati ilikubali hata kwamba Bunge lina mamlaka ya kupanga saa za kazi, na kwamba kasoro zipo. Dawa yake ndiyo iliyosema haiko mikononi mwa Bunge, ikaiachia maendeleo ya ufundi na watu kuzidi kujali utu kuliko fedha. Hoja ya ushindani naipa uzito, maana ni ya kweli mpaka leo katika kila nchi yenye kiwanda cha nguo. Hoja ya kupatana siipi. Aliyetoka nje mwaka 1836 alijua majina ya waliokorofishana na kampuni yalivyokuwa yakipelekwa kutoka kiwanda hadi kiwanda, asipate kazi popote mjini.

Wapo wanahistoria wanaoona ombi la 1845 halikuzaa kitu. Tuwasikilize, kwa kuwa mwaka uliofuata maombi yalirudi na saini zaidi ya elfu nne, yakakataliwa tena. Kampuni zikashusha siku hadi saa 11 mwaka 1853, na sheria ya saa kumi kwa wanawake na watoto haikupita Massachusetts hadi 1874. Ila Schouler aliukosa ubunge katika uchaguzi wa Novemba 1845, baada ya wanawake wasiokuwa na kura kupitisha azimio hadharani kwamba watafanya kila wawezalo asirudi. Na wenye viwanda hawakuanza kupunguza dakika mpaka kelele zile zilipowachosha.

Kuna jambo moja ambalo ushahidi wa 1845 unaligusa kwa nadra. Pamba yenyewe ilichumwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Miongoni mwa wanawake wa Lowell walikuwamo waliotia saini maombi ya kupinga utumwa pia, lakini mnyororo mzima, kutoka shamba la Mississippi hadi mitambo ya Lowell hadi doti ya mpagazi njiani Tabora, hakuna aliyekuwa amesimama mahali pa kuuona wote. Merikani ilinunua watumwa huku kwetu pia.

Vita vya Marekani vya 1861 vilikata pamba. Viwanda vya Lowell vilisimama, na merikani ikaadimika Unguja. Kufikia 1874, saa kumi zilipopata sheria, kitambaa cha Manchester na cha Bombay kilikuwa kimeshaingia madukani. Bombay hakukuwa na sheria yoyote ya viwanda hadi 1881, na hiyo ilimruhusu mtoto wa miaka saba kufanya kazi saa tisa kwa siku, huku watu wazima ikiwaacha kama walivyokuwa. Mwaka 1884 Narayan Meghaji Lokhande aliwakusanya wafanyakazi wa viwanda vya Bombay, wakaipelekea tume ya serikali ombi lenye saini 5,500. Walitaka siku moja ya mapumziko kila wiki na nusu saa ya kula mchana.