Maji Kupanda Mlima

Wahenga walisema maji hayapandi mlima. Hawakukosea, kwani hawakuwa wakizungumzia pampu bali tabia ya vitu. Kila kitu kina mkondo wake wa asili, na anayetaka kukipeleka kinyume hana budi kugharamia. Methali hiyo hunijia kila nionapo jikoni mwa watu vile vichujio vilivyopangwa chini ya sinki, na kibomba chembamba pembeni kinachotoa maji ya kunywa peke yake. Wauzaji huuita mtambo huo RO. Jina lake kamili ni osmosisi ya kinyume, na neno la kuliangalia sana hapo ni hilo la mwisho: kinyume. Kinyume cha nini?

Jibu lilianza kutafutwa Ufaransa mwaka 1748. Jean-Antoine Nollet, mtu wa dini na wa sayansi, alijaza mvinyo mkali katika chombo kidogo, akakiziba mdomo kwa kipande cha kibofu cha nguruwe, kisha akakizamisha ndani ya maji. Baada ya muda kibofu kilikuwa kimetuna kuelekea nje. Maji yalikuwa yakipenya kuingia kwenye mvinyo, ilhali mvinyo haukuweza kutoka kwa urahisi ule ule.

Hapana haja ya kibofu cha nguruwe ili kuliona jambo hili. Mpishi wa kachumbari analijua. Ukinyunyiza chumvi juu ya vitunguu vilivyokatwa, baada ya dakika chache bakuli huwa na maji ambayo hukuyatia. Maji ya ndani ya kitunguu yamepita kwenye ngozi laini za chembe zake na kuifuata chumvi iliyo nje. Ndiyo desturi ya maji: yakitenganishwa na utando mwembamba unaoyaruhusu kupita lakini unaizuia chumvi, hutoka penye chumvi kidogo kwenda penye chumvi nyingi. Katika miaka ya 1820 Mfaransa mwingine, Henri Dutrochet, alilichunguza jambo hilo kwa makini, na maneno aliyolipa ndiyo yaliyozaa neno osmosisi. Baadaye Mholanzi Jacobus van 't Hoff alionyesha namna ya kuukokotoa msukumo huo, na mwaka 1901 akawa mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Msukumo wenyewe si wa kudharauliwa. Kwa maji ya bahari, unalingana na uzito wa safu ya maji yenye kimo cha zaidi ya mita 250. Basi anayetaka maji yatoke kwenye chumvi badala ya kuingia kwenye chumvi sharti asukume kwa nguvu kuupita mlima huo. Hicho ndicho kinyume.

Wazo ni jepesi kulisema, lakini lilikaa muda mrefu bila kufaa kitu, kwa sababu hapakuwa na utando wa kulitenda. Mwaka 1952 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kugharamia utafiti wa kugeuza maji ya chumvi kuwa maji baridi. Katika miaka hiyo Charles Reid na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida waligundua kwamba utando wa asetati ya selulosi, kitu cha jamii ya ile iliyotengenezewa filamu za picha, huzuia sehemu kubwa sana ya chumvi. Tatizo likawa moja: maji yalipita polepole mno. Ilikuwa kama kukamua jiwe.

Waliolifungua fundo hilo walikuwa wawili, katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles: Sidney Loeb, Mmarekani, na Srinivasa Sourirajan, mzaliwa wa India. Kufikia mwaka 1959 walikuwa wakijaribu tando mbalimbali, na jambo la ajabu likajitokeza. Utando ule ule uliweza kufanya kazi vizuri au vibaya kwa kutegemea upande gani umeelekezwa kwenye maji ya chumvi. Kumbe ulikuwa na uso na mgongo! Wakajifunza kuutengeneza makusudi: ngozi nyembamba mno upande mmoja, ndiyo ya kuzuia chumvi, na nyuma yake tabaka nene lenye vitundu kama sifongo, la kuishikilia ngozi hiyo isipasuke. Maji yakapita zaidi ya mara 10 kuliko awali. Mpaka leo wote wanaosafisha maji kwa njia hii wanakula matunda ya uvumbuzi huo.

Sasa tazama, ndugu msomaji, ni wapi ulipopelekwa kwanza. Coalinga ni mji mdogo wa California, na jina lake linatokana na kituo ambapo treni zilijaziwa makaa ya mawe. Maji ya ardhini mwake yalikuwa ya chumvi, hata ikabidi kwa miaka mingi maji ya kunywa yaletwe kwa matangi ya reli. Huko ndiko, mwezi Juni 1965, mtambo wa kwanza wa osmosisi ya kinyume ulipoanza kuwanywesha watu maji. Ulitoa kiasi cha galoni 5,000 kwa siku, yaani karibu lita 19,000. Ulianzia, basi, mjini: fedha za umma, wataalamu wa chuo cha umma, kiu ya umma.

Safari ya kuingia jikoni ilikuja baadaye. Katika miaka ya 1970 mwanakemia John Cadotte, huko Minnesota, aliunda utando mpya ambao ngozi yake ya poliamidi ni nyembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, na ambao unahitaji msukumo mdogo zaidi. Utando wa namna hiyo, ukizungushwa kama mkeka uliokunjwa, unaingia katika bomba la urefu wa mkono. Poliamidi haivumilii klorini, na ndiyo sababu mtambo wa nyumbani huwa na kichujio cha mkaa kabla ya utando. Kichujio cha kwanza kabisa ni cha kuzuia mchanga na tope.

Hapa ndipo historia inapotufaa, kwa maana inatufundisha kuuliza kabla ya kununua. Swali la kwanza: tunasukuma kwa nini? Tangi lililo juu ya mnara wa mita 5 linatoa nusu ya baa tu ya shinikizo, na mitambo mingi ya nyumbani huhitaji baa 3 au zaidi. Pengo hilo huzibwa na pampu ya umeme. Umeme ukikatika, maji safi nayo yamekatika. Swali la pili: chumvi iliyozuiwa inakwenda wapi? Haipotei. Inaoshwa na maji mengine kwenda kwenye mfereji wa maji machafu, na mitambo ya kawaida humwaga lita 3 hadi 5, pengine zaidi, ili kupata lita moja ya kunywa. Mwenye busara huyakinga akasafishie choo na sakafu.

Swali la tatu ndilo kubwa: maji yetu yanaumwa nini? Wengi wetu tulilelewa na sufuria ya maji ya kuchemsha, na kwa vijidudu dawa hiyo haijapitwa na wakati. Maji ya tope na ya vijidudu hayadai mtambo wa ghali. Lakini kuna maji yasiyoponywa na moto. Katika sehemu za Arusha na Meru, na huko Nakuru kwenye Bonde la Ufa, baadhi ya maji yana floridi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Watoto huota meno ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa huharibika. Ukiyachemsha maji hayo, mvuke unaondoka na floridi inabaki, nayo inazidi kukolea. Utando huu unaiondoa sehemu kubwa ya floridi.

Basi tunajikuta mahali pa ajabu. Mwenye mshahara mzuri mjini anasukuma maji ambayo huenda yangetosheka na sufuria, ilhali mama wa kijijini ambaye mwanawe anaota meno ya kahawia hana umeme wa kuzungushia pampu wala fedha za kubadilishia utando. Maduka ya kujaza madumu ya lita 20, yaliyoenea Nairobi na miji mingine ya Kenya, yamepunguza pengo kidogo kwa wenye cha kulipa.

Siwalaumu wanaosafishia maji jikoni mwao. Kila mzazi huanza na mdomo wa mwanawe. Nasema tu kwamba kifaa hiki hakikubuniwa ili kila nyumba ijifungie na kibomba chake. Kilibuniwa ili mji mzima wenye maji mabaya unywe. Mlima huu ni mrefu, na maji hayaupandi bila kusukumwa. Kijiji kizima kikisukuma kwa pamoja, gharama ya kila nyumba hupungua, na hata asiye na kitu hupata kikombe.