"Isiyo na Mzio": Tafsiri Inayoahidi Kupita Kiasi

Kwenye chupa nyingi za losheni, sabuni za watoto na sabuni za unga zinazouzwa kwetu, utaona neno "hypoallergenic" limechapishwa mbele kwa herufi za kuvutia. Anayelitafsiri kwa haraka huandika "isiyo na mzio" au "haisababishi mzio". Tafsiri zote mbili zinamwahidi mnunuzi jambo ambalo hata neno la asili halimwahidi, na mwenye ngozi rahisi kudhurika ndiye anayelipia ahadi hiyo.

Asili ya neno ni ya Kigiriki. Mwaka 1906 Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna, aliunganisha "allos", yaani nyingine, na "ergon", yaani kazi, ili kutaja hali ya mwili kukipokea kitu kwa namna isiyo ya kawaida. Kiambishi "hypo" maana yake ni chini ya, au pungufu. Basi bidhaa ya namna hii ni ile inayodhaniwa kuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuamsha mzio. Mdogo kuliko nini? Neno halisemi.

Wamarekani waliwahi kujaribu kulilazimisha liseme. Mwaka 1975 mamlaka yao ya chakula na dawa ilitoa kanuni kwamba kampuni isitumie neno hilo mpaka ioneshe, kwa majaribio yaliyofanywa kwa watu, kuwa bidhaa yake huleta madhara machache ya ngozi kuliko nyingine za aina yake. Kampuni mbili za vipodozi, Almay na Clinique, zilikwenda mahakamani kuipinga. Desemba 1977 mahakama ya rufaa mjini Washington iliibatilisha kanuni hiyo. Tangu hapo Marekani haina kiwango cha kitaifa kinachopima dai hilo, na mamlaka yenyewe huwaambia wananchi wazi kwamba neno lina maana yoyote ambayo kampuni inataka liwe nayo. Chupa inayosafirishwa kutoka huko inafika na dai lilelile.

Sasa turudi kwenye Kiswahili, maana lugha yetu ina jambo la kutufundisha hapa. Kabla ya kuwa istilahi ya hospitali, mzio ulikuwa kile ambacho mtu hapaswi kukila, ama kwa desturi ya ukoo wake, ama kwa sababu kinamdhuru. Mtu alisema pweza ni mzio wake. Leo tunasema pia kwamba fulani ana mzio wa pweza, na hapo mzio umekuwa hali ya mwili. Katika maana zote mbili, mzio una mwenyewe. Huu ni wako, ule ni wa jirani yako. Sabuni haiwezi kutangazwa kuwa haina mzio bila kutaja mzio wa nani, kwa kuwa kinachomtuliza mmoja kinaweza kumwasha mwingine.

Wapo wanaopendekeza "punguzamzio". Silikubali, kwa sababu linaifanya losheni ionekane ni dawa ya kutibu mzio. "Haipoalejeniki" linatamkika, lakini halimfungulii msomaji chochote. Naona heri tuvumilie urefu: "yenye vichochezi vichache vya mzio". Na mwandishi wa habari anapolitaja dai la kampuni, aongeze "inayodaiwa kuwa na". Kichochezi ni kile kiambato kinachoamsha mwili, na neno "vichache" linamkumbusha msomaji kwamba havijaisha.

Tofauti nyingine ambayo istilahi hii inaificha ni ile iliyopo kati ya kuwashwa na mzio. Sabuni nyingi za kipande zina pH ya 9 hadi 10, ilhali uso wa ngozi ni asidi kidogo, karibu na 5. Mfua nguo anayeshinda na povu mikononi hupasuka na kuwashwa kwa sababu mafuta ya kinga ya ngozi yameondolewa. Hilo laweza kumpata mtu yeyote, na lebo ya mzio haimkingi. Mzio wa ngozi ni jambo jingine: kinga ya mwili hukitambua kiambato, hukikariri, na kikirudi huanzisha vita, mara nyingi baada ya siku moja hadi tatu. Ndiyo maana mtu huilaumu sabuni ya leo, kumbe mkosaji ni krimu ya juzi. Ndiyo maana pia bidhaa uliyoitumia miaka mingi kwa amani inaweza kukugeuka.

Vichochezi vinavyojulikana sana ni manukato na vihifadhi. Kihifadhi kiitwacho methilisothiazolinoni kiliwasumbua watu wengi kiasi kwamba Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku mwaka 2017 katika vipodozi vinavyobaki mwilini bila kuoshwa. Kuhusu manukato, mnunuzi asome nyuma ya chupa: ukiona "parfum" au "fragrance", manukato yamo, hata kama mbele pameandikwa haina harufu. Bidhaa isiyo na harufu inaweza kuwa imetiwa manukato ya kuficha harufu nyingine. Asili nayo si kinga. Limonini, iliyomo katika mafuta ya maganda ya ndimu na machungwa, ikikaa hewani hubadilika na kuwa kichochezi kikali zaidi.

Kwa watu wa pwani, hatari ninayoiogopa zaidi ni piko, ile hina nyeusi ya kujichora. Hina safi ya majani haina weusi ule unaopendwa kwenye mikono ya bibi harusi wa Lamu, Mombasa na Unguja. Weusi huo mara nyingi hutokana na rangi ya nywele yenye parafenilinidiamini, ambayo inaweza kuleta malengelenge yanayofuata mchoro wenyewe. Mwili ukishaikariri hauisahau, na mtu huyo anaweza kuvimba uso miaka baadaye anapopaka nywele rangi.

Vitabu vingi huielezea dalili ya mzio kuwa ni wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane kabisa. Tazama weusi uliozidi, rangi ya zambarau au kijivu, vipele na ukavu, pamoja na mabaka yanayobaki muda mrefu.

Kwa anayetaka kitu rahisi cha kulainisha ngozi, mafuta ya mgando yasiyo na manukato ni chaguo jema. Madaktari wenyewe huyatumia kuchanganyia vichochezi wanavyovibandika mgongoni mwa mgonjwa kwa saa 48 ili kutafuta chanzo cha mzio, kwa kuwa ni nadra sana kumdhuru mtu. Losheni mpya ijaribu kwanza kwenye eneo dogo la ndani ya mkono, mara mbili kwa siku kwa wiki moja au zaidi. Usijaribu hivyo piko wala rangi ya nywele.

Na ikitokea umewashwa, acha kuitumia bidhaa hiyo, lakini usilitupe kopo. Mpelekee daktari wa ngozi likiwa na lebo yake, kwa sababu orodha ya viambato iliyo nyuma ndiyo itakayomwonesha pa kuanzia.