Kuhamia Mwanza kwa raia wa kigeni: Mabatini

Mabatini ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, Jiji la Mwanza, kusini mwa Ziwa Viktoria. Ipo kando ya Barabara ya Nyerere, ile inayotoka katikati ya mji kuelekea Nyakato, Igoma na hatimaye Musoma. Jina lake ni la Kiswahili tupu: mahali penye mabati. Makala hii inaeleza namna raia wa nchi nyingine anavyofika Mwanza, anavyopata haki ya kukaa, na anavyoishi kwenye mtaa wa watu wa kawaida kama huu. Mgeni aliyeletwa na kampuni au shirika mara nyingi hutafutiwa nyumba kwenye mitaa ya wenye uwezo kama Capri Point au Isamilo. Anayekuja kwa nguvu zake mwenyewe, mwalimu, muuguzi, mwanafunzi, mfanyabiashara kutoka Kenya au Kongo, huishia Mabatini, Mahina au Nyakato, na ni huyo anayehitaji maelezo.

Mji uliozoea wageni

Mwanza haikuanza kupokea wageni leo. Misafara ya Wanyamwezi na Waarabu ilifika kwenye ukingo huu wa ziwa kabla ya Mzungu yeyote. John Hanning Speke alilitazama ziwa akiwa juu ya kilima karibu na mji wa sasa tarehe 3 Agosti 1858. Henry Morton Stanley alitua Kageyi, mashariki ya hapo, mwezi Februari 1875, akaunganisha mashua yake na kulizunguka ziwa lote. Mapadri Weupe walijenga misheni Bukumbi katika miaka ya 1880, na Wajerumani wakaweka kituo cha kijeshi Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1890. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916. Reli kutoka Tabora ilipofika mwaka 1928, pamba ya Wasukuma ilipata njia ya kwenda pwani, na biashara ya maduka ya Wahindi ikapanuka kwenye barabara za katikati ya mji. Jina la Mwanza lenyewe, kwa maelezo yanayokubalika na wengi, ni neno nyanza, yaani ziwa, lililogeuzwa na ulimi wa kigeni.

Uhusiano huo na wageni haukukatika baada ya uhuru. Mwanza na Würzburg ya Ujerumani ni miji dada tangu 1966, na Tampere ya Finland ilijiunga mwaka 1988. Hospitali ya Bugando, iliyojengwa na Kanisa Katoliki kwa msaada wa Wajerumani na kufunguliwa mwaka 1971, imepitiwa na madaktari na wanafunzi wa udaktari kutoka nchi nyingi. Katika miaka ya 1990 viwanda vya minofu ya sangara vilileta kundi jingine: mafundi, wanunuzi na marubani wa ndege za mizigo. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, iliuonyesha mji kupitia biashara hiyo, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani kwamba imelichafua jina la nchi. Kumbukumbu ya jambo hilo ingalipo. Mgeni anayetoa kamera Mabatini bila kuomba ruhusa asishangae akiulizwa picha zinakwenda wapi. Swali hilo ni la haki, na anapaswa kulijibu.

Karatasi za kuingia na kukaa

Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki haombi viza, ila hana budi kugongewa muhuri mpakani. Wengine wengi hulipa dola 50 za Marekani kwa viza ya kawaida ya kuingia mara moja, isiyozidi siku 90. Raia wa Marekani hulipa dola 100 kwa viza ya kuingia mara nyingi. Maombi hufanyika kwa intaneti kabla ya safari. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano huulizwa cheti cha chanjo. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, hivyo ile ambayo mgeni amefungia viatu aiache uwanja wa ndege.

Viza ya matembezi ni ya matembezi. Hapa ndipo wageni wengi wenye nia njema hujikwaa. Kijana anakuja kufundisha watoto Kiingereza kwa mwezi mmoja, hapokei hata senti, akidhani kwamba kwa kuwa halipwi basi hafanyi kazi. Sheria haioni hivyo. Kujitolea nako kunahitaji kibali. Afisa wa Uhamiaji akimkuta darasani na viza ya utalii, taasisi iliyomwalika itajibu pamoja naye.

Anayetaka kukaa huomba kibali cha ukaazi chini ya Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995. Daraja A ni la mwekezaji na mtu anayejiajiri. Daraja B ni la mwajiriwa. Daraja C hubeba waliobaki: mwanafunzi, mtafiti, mmisionari, anayejitolea, mstaafu. Kwa kazi kuna kibali cha pili, cha Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni. Hutolewa kwa miezi 24, huweza kuhuishwa, lakini kwa mwajiriwa wa kawaida jumla yake ina kikomo. Mwajiri hutakiwa pia kuwa na mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi ule. Kibali kimoja hakiwi badala ya kingine, na mtu anayeshika kimoja tu hajamaliza safari.

Biashara ndogo zimefungwa kwa asiye raia. Amri iliyotangazwa Julai 2025 ilitaja biashara 15, na ukiisoma ni kana kwamba unatembea Barabara ya Nyerere fremu kwa fremu: duka la rejareja, wakala wa fedha kwa simu, fundi simu, saluni, udalali wa nyumba, kiwanda kidogo. Zimo pia kununua mazao shambani, kuchimba madini kwa uchimbaji mdogo na kuongoza watalii. Asiye raia akipatikana na hatia hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kufungwa hadi miezi 6, na viza na kibali chake hufutwa. Mtanzania anayemkopesha jina lake kwenye leseni naye ana adhabu yake. Makubaliano ya pembeni ya namna hiyo yalikuwa ya kawaida mjini. Sasa ni hatari kwa pande zote mbili, na hasara kubwa humwangukia mwenyeji maskini aliyeweka sahihi.

Ardhi haiuzwi kwa mgeni. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa, na hapo hati hupitia mamlaka ya uwekezaji ya taifa. Atakayeonyeshwa kiwanja kizuri chenye mandhari ya ziwa, na kuambiwa kwamba karatasi ya mauziano iliyosainiwa mtaani inatosha, anapoteza fedha zake.

Kupanga

Nyumba za Mabatini zimepanda mlima. Mwanza imekaa juu ya majabali, na hapa mjenzi hakuyavunja, aliyakwepa: ukuta wa chumba unaweza kuanzia kwenye tofali na kuishia kwenye mwamba, na jiwe kubwa kuliko gari likasimama uani kama mwanafamilia. Barabara ya lami iko chini. Ukishaiacha unapanda kwa miguu, njia za mkato zenye ngazi za mawe, mabati yaking'aa chini ya nyayo zako kadiri unavyopanda. Jioni utawapisha akina mama na watoto wenye ndoo za lita 20 kichwani, kwa sababu kadiri nyumba ilivyo juu ndivyo maji ya bomba yanavyoifikia kwa shida. Mwenye nyumba akikuonyesha chumba, usiulize tu bei. Uliza maji yanatoka siku zipi, mita ya umeme ya Luku ni ya peke yako au mnachangia, na choo ni cha ndani au cha uani.

Chini kabisa unapita Mto Mirongo, unaokusanya maji ya milima hii na kuyapeleka ziwani. Katika vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei, mto huo hufurika ghafla. Chumba cha bondeni ni rahisi kukifikia na pengine kina kodi nafuu, lakini anayekitazama mwezi wa Julai, mchanga ukiwa mkavu, anaona nusu tu ya habari. Atazame alama ya tope ukutani.

Chumba hupatikana kwa dalali, ambaye kwa desturi hulipwa kiasi cha kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na mgeni akionekana ana uwezo huenda akaambiwa mwaka. Hilo linajadilika. Kodi yenyewe itajwe kwa shilingi: kanuni zilizoanza kutumika tarehe 28 Machi 2025 zinakataza kuuza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni.

Daftari la mtaa

Uhamiaji ikimaliza na mgeni, mtaa haujaanza naye. Kila kata imegawanywa katika mitaa, na kila mtaa una mwenyekiti aliyechaguliwa na mtendaji aliyeajiriwa. Ofisi yao ni ndogo: meza, benchi la wanaosubiri, bendera mlangoni, daftari kubwa lenye mistari iliyochorwa kwa rula. Mwenyeji mwema hukupeleka mwenyewe, akakutambulisha. Unaamkia, unakaribishwa kuketi, unaulizwa hali ya safari. Maswali ya kazi huja baadaye. Jina, nchi, umepanga kwa nani, unafanya shughuli gani, umekuja na familia? Mtendaji anakagua pasipoti na kibali, anaandika kwa kalamu ya bluu, anasema Kiswahili chake taratibu ili umfuate. Nakala zinabaki kwenye faili.

Wageni wengi hulipuuza daftari hili kwa kuwa hawakusikia habari zake ubalozini. Ni kosa. Barua ya utambulisho yenye muhuri wa mtaa ndiyo inayoombwa unapofungua akaunti benki, unapofuatilia maji, unapoibiwa na kwenda polisi. Siku ya msiba au ugonjwa, watu watakaokuja kukuuliza hali ni wale ambao mwenyekiti aliwaambia kuwa upo. Nimeona wageni wenye vibali vyote wakiishi kama wamejificha, na wengine wenye Kiswahili cha kubahatisha wakiitwa kwenye kikao cha mtaa kuchangia ukarabati wa mfereji. Tofauti yao ilianzia kwenye benchi lile.

Adabu za kila siku ni rahisi, na zinapimwa. Mkubwa huamkiwa shikamoo, hata kama ni muuza nyanya na wewe ni daktari. Mama mwenye nyumba huitwa kwa jina la mtoto wake, Mama Neema, Mama Juma, wala si kwa jina lake tupu. Kisukuma kinasikika kila kona, na anayejibu mwangaluka ya asubuhi au mwadila ya mchana hupata tabasamu na pengine nyanya ya nyongeza. Watoto watamwita mzungu, hata akiwa Mkorea. Akiwaambia jina lake, wiki ya pili wanalitumia.

Afya

Malaria ipo mwaka mzima, na chandarua si pambo. Kichocho ni tishio linalofichika zaidi: vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa ziwani na kupenya ngozi ya anayeoga au kutembea majini ufukweni. Dawa ipo, na aliyewahi kuingia ziwani apimwe hata kama hajisikii kuumwa. Huduma zinapatikana kwenye zahanati na vituo vya afya, Hospitali ya Mkoa ya Sekou Toure, na Bugando kwa rufaa.

Kuwa mwenyeji

Mgeni anaweza kuomba uraia wa kujiandikisha akiwa amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya ombi, na jumla ya miaka isiyopungua 7 ndani ya ile 10 iliyotangulia miezi hiyo. Lazima awe na mwenendo mwema na ajue Kiswahili au Kiingereza. Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima, hivyo anaukana ule wa kwanza. Kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, sheria ilirekebishwa mwaka 2025 kuwapa hadhi maalumu badala ya uraia.

Atakayekubaliwa na kuapa anapata haki ya kumiliki ardhi, kufungua duka na kupiga kura. Uchaguzi wa serikali za mitaa hufanyika kila miaka 5, na wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Katika uchaguzi unaofuata anaweza kumchagua mwenyekiti wa mtaa uleule uliomwandika kwenye daftari siku alipofika.