Fundi viatu aliyewapa madogo hesabu kwa dadu

Jamaa aliacha sekondari. Mwaka 1970 akapoteza kazi ya bima Chicago, akaishia kutengeneza viatu nyumbani kwake Lake Geneva, mji mdogo wa Wisconsin, Marekani. Mwaka 1974, yeye na kijana aliyesomea historia chuoni Minnesota wakatoa Dungeons & Dragons: vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000. Unajifanya shujaa, mmoja wenu anasimulia, dadu inaamua.

Sasa cheki hizo dadu. Zile za nyuso 20 zilitoka kwenye katalogi ya vifaa vya shule, za kufundishia hesabu! Mezani dogo anaelewa haraka kwamba kupata 20 ni nafasi ya asilimia 5 tu. Anasoma majedwali, anachora ramani, anabembeleza wenzake wakubali mpango wake. Mtihani hakuna, ila ukipiga hesabu vibaya shujaa wako anakufa.

Miaka ya 80 wazazi na wahubiri huko wakaja juu: eti ushetani. Watoto wengine wakanyang'anywa vitabu, kisa mazimwi yaliyochorwa. Majedwali nani aliyajali? Leo walimu hukohuko wanaendesha klabu za mchezo huohuo, baada ya vipindi.