Ng'ombe wa Vijiwe na Hisa za Kuigiza

Ukipita katika maboma ya Loitokitok, chini ya mlima Kilimanjaro, huenda ukawakuta watoto wamechuchumaa mavumbini, wamejenga zizi dogo la vijiti. Ndani yake mna vijiwe: kile kikubwa ni fahali, na vile vidogo ni ndama. Huvipeleka malishoni, hubadilishana, na jioni huvihesabu. Usiwacheke. Wanajifunza kazi ya baba zao, na kijiwe kikipotea hapana mtu atakayelala na njaa.

Sasa nakuuliza: katika biashara ya hisa, wazee wetu walichezea wapi vijiwe vyao?

Hisa ni fungu la mali ya kampuni. Mwenye nayo hugawiwa faida ikipatikana, na bei yake hupanda na kushuka kwa kadiri wanunuzi na wauzaji wapatanavyo. Biashara hii ilikuwako Nairobi tangu miaka ya 1920, na mwaka 1954 soko la hisa likaandikishwa rasmi kuwa chama cha madalali. Lakini Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kuifanya mpaka baada ya uhuru wa mwaka 1963. Mfugaji wa Kajiado aliweza kukadiria bei ya fahali kwa kumtazama nundu. Bei ya hisa hakufundishwa na mtu.

Mlango ulifunguka polepole. Mwaka 1988 Serikali iliwauzia wananchi asilimia 20 ya Kenya Commercial Bank. Kisha ukaja mwaka 2008, hisa bilioni 10 za Safaricom zikauzwa kwa shilingi 5 kila moja. Watu zaidi ya 800,000 wakawa wenye hisa, wengi wao kwa mara ya kwanza, na wengine walikuwa wamekopa benki. Mwanzo bei ilipanda, watu wakashangilia. Halafu msukosuko wa fedha ukaikumba dunia, na mwanzoni mwa mwaka 2009 bei ilikuwa chini ya shilingi 3. Aliyekopa alidaiwa deni lake vile vile, akalazimika kuuza kwa hasara. Asiyekuwa na deni aliweza kungoja, na mwaka 2021 aliiona hisa ile ile ikipita shilingi 40. Hisa ilikuwa moja; walitofautiana katika maandalizi.

Baadaye masoko ya Nairobi na Dar es Salaam yalianzisha mashindano ya wanafunzi. Kila mshindani hupewa fedha za kuigiza, akanunua na kuuza kwa bei za soko la kweli. Hilo ni jambo jema, kwa maana mwanafunzi hujua jinsi ya kuagiza hisa, na kwamba dalali hulipwa ujira hata mteja wake akipata hasara.

Lakini jihadhari. Fedha za kuigiza hazimnyimi mtu usingizi. Mwenye kucheza nazo huweza kutia mtaji wote katika kampuni moja, akabahatika, akajiona bingwa. Kesho atafanya vivyo hivyo kwa karo ya mdogo wake. Watazame tena watoto wale wa Loitokitok: kijiwe kikipotea, hukitafuta hata giza liingie. Kwao kile ni ng'ombe.

Wewe nawe fanya hivyo. Chukua daftari na gazeti lenye bei za hisa. Jipe fedha za kuigiza zilingane na zile utakazoweza kuziweka akiba kweli, si milioni za ndotoni. Chagua kampuni tatu, andika bei ya kila moja na sababu ya kuichagua. Mwisho wa muhula linganisha, wala usizifute sababu zako zilizokosea, kwa kuwa hizo ndizo mwalimu wako.

Nawe ukiisha kufuzu, usisahau desturi ya wafugaji: mtoto akiviacha vijiwe, hukabidhiwa ndama wachache kwanza, wala hapewi kundi zima.